Maisha ya Yeremia Machibya, Mtunza Uwanja wa Nyamasale, Kama Alivyotaka Yasemwe

Mchungaji wetu, wazee wa ukoo, majirani zetu wa Kiseke, wanachama wa Chama cha Wasimamizi wa Viwanja vya Gofu Kanda ya Ziwa mliotoka Bukoba, Musoma, Geita na Shinyanga, na ninyi nyote mliokusanyika hapa nyumbani kabla hatujaanza safari ya Kahangara, wakubwa wote shikamooni. Mimi ni Evelina, mtoto wa pili wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia ya baba yetu, historia ambayo aliniagiza mwenyewe niiandike angali hai, akaisikiliza mara mbili, akanirekebisha tarehe nne, ndipo akaikubali.

Marehemu Yeremia Ngosha Machibya alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kijiji cha Kahangara, wilaya ya Magu, akiwa mtoto wa tano kati ya watoto tisa wa Mzee Ngosha Machibya, mfugaji na mkulima wa pamba, na Mama Kabula, ambao wote wawili wametangulia mbele za haki. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kahangara kuanzia mwaka 1970 hadi 1976 alipomaliza darasa la saba, na kwa kuwa hakuchaguliwa kuendelea na sekondari alibaki nyumbani akichunga ng'ombe wa baba yake kando ya ziwa kwa miaka mitatu, kipindi ambacho alikuwa akikitaja kwa heshima, kwa sababu alisema huko ndiko alikojifunza kutofautisha majani kwa kuyakanyaga tu.

Tarehe 3 Februari 1980 aliajiriwa kuwa mkata nyasi katika Uwanja wa Gofu wa Nyamasale, upande wa Ilemela, uwanja wa mashimo tisa unaoteremka kutoka kwenye mawe hadi majini, na kwa miaka minane alikata nyasi kwa fyekeo, yeye na wenzake kumi na mmoja wakiwa wamejipanga mstari mmoja, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi jua linapokuwa kali. Wakati ule Nyamasale haikuwa na grini za majani, yaani ile sehemu laini inayozunguka shimo, bali mchanga uliochanganywa na oili chafu na kusawazishwa kwa ubao, na wachezaji walikwenda nyumbani viatu vikiwa vyeusi. Mwaka 1988 alipelekwa Ukiriguru kwa mafunzo ya miezi tisa ya udongo na mimea, na tarehe 1 Julai 1991 akapandishwa kuwa msimamizi wa uwanja mzima.

Kazi aliyoipenda kuliko zote aliianza mwaka 1994, alipoamua kuondoa mchanga na kupanda majani. Hakukuwa na mbegu za kununua, kwa hiyo alirudi kwenye malisho aliyochungia utotoni, akatafuta ukoka wenye jani jembamba, ule ambao ng'ombe wameukanyaga miaka na miaka mpaka ukalala chini kama mkeka, akaubeba kwenye magunia yaliyoloweshwa, akaupanda shina kwa shina kwa mikono akishirikiana na wafanyakazi wake. Grini ya kwanza ilichukua miezi saba, ya tisa ilikamilika mwaka 1998, na watu walianza kuja kutoka mikoa mingine kuitazama.

Tarehe 12 Desemba 1987 marehemu alifunga ndoa na mama yetu, Paskazia, huko Nansio, Ukerewe, na Mungu aliwajalia watoto watano, ambao ni Yakobo, mimi Evelina, Pius, mdogo wetu aliyefariki akiwa na miezi minne kabla hajazoeleka kwa jina, na kitinda mimba wetu Queen. Ameacha pia wajukuu sita. Nyumba hii mnayoiona aliijenga mwaka 2001, na wengi mnajua kwamba hakupanda jani hata moja katika uwanja wake mwenyewe, na mama alipomuuliza alijibu kwamba nyumbani anataka kukaa, siyo kukagua.

Marehemu alikuwa mmoja wa watu watano walioanzisha Chama, tarehe 22 Juni 1996, katika chumba cha nyuma cha hoteli moja pale Nyegezi, kwa sababu waligundua kwamba kila mmoja alikuwa akihangaika peke yake na matatizo yaleyale, wadudu walewale, ukame uleule na viongozi wa klabu wasiojua nyasi inakua vipi. Walikubaliana kukutana kila Agosti, kila mwaka kwenye uwanja wa mwenzao mmoja, waanze na kazi, wakitembea shimo kwa shimo na kurekebisha kwa mikono yao jambo moja ambalo mwenyeji limemshinda, na baada ya kazi iwe sherehe, wake na watoto wakiwepo. Asubuhi ya siku ya pili walicheza gofu wao wenyewe, watu ambao mwaka mzima huwatengenezea wengine mahali pa kuchezea, na siku hiyo viongozi wa klabu mwenyeji ndio waliobeba mikoba. Baba alishinda mara moja tu, mwaka 2003, akapewa beberu, na beberu huyo alikula mahindi yote ya jirani yetu hapo ng'ambo ya barabara, ambaye nafurahi kumwona amekaa katikati yetu leo.

Katika hao watano alikuwepo Mzee Muhidin Khalidi, mzaliwa wa hapa Mwanza, aliyekuwa wakati huo akisimamia uwanja mmoja mdogo upande wa Musoma, mkubwa wa baba kwa miaka miwili na rafiki yake wa karibu kuliko wote. Baba alikuwa katibu wa Chama, Mzee Muhidin mweka vifaa, na familia zetu zilikuwa kama familia moja, mke wake, Mama Mwaija, akifika Kiseke alikuwa hakai sebuleni bali jikoni na mama, na mimi na binti yao Nusrat, tuliozaliwa mwaka mmoja, 1994, tulilala kitanda kimoja kila Agosti na kukataa kuachana siku ya kuondoka.

Ndugu waombolezaji, hapa ninafika mahali ambapo baadhi ya wazee wa ukoo walinishauri nipite haraka, na ninawaheshimu, lakini mwezi wa saba mwaka huu baba aliniita kando ya kitanda chake akaniambia maneno haya, "Andika yote, Evelina. Ukiacha ile ya Muhidin, watakuwa wanamzika mtu mwingine." Kwa hiyo ninasoma kama alivyoagiza.

Mwaka 2005 Chama kilipata mashine nzuri ya kukatia majani mafupi ya grini, moja kwa viwanja vyote saba, wakaipa jina la Mgeni, kwa sababu ilikaa mwezi mmoja kila mahali na kusindikizwa hadi kwa mwenzao anayefuata, na kanuni yake ilikuwa moja, ioshwe visu na matairi kabla haijaondoka, maana magonjwa ya majani husafiri kwenye mabaki mabichi. Mwezi Juni 2009 Mgeni alifika Nyamasale akitokea kwa Mzee Muhidin. Wiki tatu baadaye, yakiwa yamebaki majuma mawili kabla ya mashindano makubwa ya mwaka, grini sita kati ya tisa ziligeuka rangi ya udongo katika muda wa siku tano, kazi ya miaka minne ikafa mbele ya macho yake, na mashindano yakahamishiwa kwingine.

Siku chache kabla ya hapo marehemu alikuwa amepulizia dawa ya kuua magugu. Kifuniko cha kupimia dawa kilikuwa kimepotea, akatumia kifuniko cha chupa nyingine, na mfanyakazi wake, Bi Sabina, ambaye yupo hapa, alimwambia, "Mzee, hiki siyo kile tulichokuwa tunapimia, hiki ni kikubwa," naye akamjibu, "Sabina, wewe shika bomba, mambo ya dawa niachie mimi." Majani yalipokufa hakumkumbuka Sabina wala kifuniko, au alimkumbuka akamfukuza kichwani, mwenyewe alisema hajui ni lipi kati ya hayo mawili.

Tarehe 8 Agosti 2009, kwenye mkutano wa mwaka huko Shinyanga, mbele ya wanachama wote na familia zao, marehemu alisimama akasema kwamba Mgeni alitoka kwa Muhidin na ugonjwa kwa sababu hakuoshwa. Mzee Muhidin hakupandisha sauti, alisema tu, "Niliosha, Yeremia. Niliosha kwa mikono yangu hii." Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nilikuwa nimekaa na Nusrat kwenye ngazi tukila miwa, na nilimwona akiacha kutafuna. Wanachama walimwamini baba, kwa sababu alikuwa katibu na grini zake zilikuwa fahari ya kanda nzima, na hakuna hata mmoja aliyekwenda Musoma kutazama kama majani ya Mzee Muhidin yalikuwa yanaumwa. Alitolewa kwenye Chama jioni ileile. Habari zikamfikia mwajiri wake, mkataba wake ulipoisha Desemba haukuandikwa upya, na Januari 2010 yeye na familia yake walirudi Buzuruga kwenye nyumba ya marehemu mama yake, Mama Mwaija akaanza kuuza uji karibu na stendi, na Nusrat, aliyekuwa aingie kidato cha tatu na mwenye nia ya kuwa muuguzi, akabaki nyumbani kumsaidia mama yake.

Mwezi Machi 2010 marehemu alipulizia dawa ileile kwenye kitalu chake cha kuoteshea majani, kwa kifuniko kilekile, na siku ya tano kitalu kikageuka rangi ya udongo, wakati Mgeni hakuwa amekanyaga kitalu hicho hata siku moja. Alijua palepale. Na baada ya kujua, baba yetu alinyamaza kwa miezi kumi na sita.

Aliniambia nisitafute neno zuri la kipindi hicho. Alikuwa akienda kazini, akirudi, akiendesha vikao vya Chama, akisaini barua kama katibu, na aliacha kabisa kupita barabara ya Buzuruga, akizunguka njia ndefu hata akiwa na mzigo. Sisi watoto tuliona tu kwamba amekuwa mkali, na kwamba jina la Nusrat likitajwa mezani anasimama. Mwishoni mwa Juni 2011 alimweleza mama yote, akitegemea labda kutulizwa, na mama alimwambia, "Mbona unaniambia mimi? Mimi siyo Muhidin."

Jumapili ya tarehe 10 Julai 2011 alikwenda Buzuruga. Mama Mwaija alimkaribisha kiti, akampa uji, na Mzee Muhidin alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamjibu, "Ulisema mbele ya watu. Nenda ukaseme mbele ya watu haohao." Baba akamwomba waongozane kwenye mkutano, Mzee Muhidin akakataa, akasema mzigo huo haubebwi na wawili.

Tarehe 13 Agosti 2011, huko Bukoba, kabla agenda ya kwanza haijafunguliwa, marehemu alisimama akiwa na kile kifuniko mkononi akaeleza habari yote, tangu siku ya dawa hadi siku ya kitalu, na miezi kumi na sita aliyokaa kimya akaitaja pia, kisha akamgeukia Bi Sabina, ambaye alikuwa amemwomba aongozane naye, akamwomba radhi mbele ya wote. Mwenyekiti wa wakati huo, Mzee Alexander wa Bukoba, akasema, "Umetuaibisha, Yeremia, na sisi tumejiaibisha, maana tulihukumu bila kwenda kutazama. Kaa chini." Baba alijiuzulu ukatibu siku hiyo na hakugombea tena nafasi yoyote hadi mwisho wa maisha yake. Wanachama watatu walisafiri hadi Buzuruga wakiwa na barua ya kumrudisha Mzee Muhidin, aliyekaa nayo wiki mbili kabla hajaijibu, na mwaka 2013, kwa barua nyingine ambazo Chama kiliandika, alipata kazi ya kusimamia uwanja mmoja upande wa Geita, ambako alidumu mpaka alipostaafu.

Lakini marehemu hakutaka niandike kwamba yote yalirudi mahali pake, kwa sababu hayakurudi. Nusrat hakurudi shule. Alikuwa amepita umri wa kukaa na wadogo zake darasani, akaolewa Sengerema mwaka 2012, na baba alipokwenda kumwona mwaka 2014 alisikilizwa akiwa amesimama mlangoni, na Nusrat akamwambia, "Shikamoo. Nimekusikia. Nenda salama." Baba aliporudi alisema binti yule amemheshimu kuliko alivyostahili, na kwamba hatamfuata tena, kwa sababu kumfuatafuata kungekuwa kumtaka ampe kitu kwa mara ya pili.

Mwezi Mei 2020 maji ya ziwa yalipanda kuliko wengi wetu tulivyowahi kuona, yakafunika mashimo mawili ya chini ya Nyamasale na kukaribia la tatu, na viongozi wa klabu walikuwa wameshaandaa tangazo la kufunga uwanja, ambao watu arobaini na sita walikuwa wakiutegemea kwa riziki. Marehemu aliwapigia simu wenzake kuwaaga tu, hakuomba msaada, na ulikuwa pia wakati wa ule ugonjwa ambapo watu waliogopana. Siku ya pili yake, saa nne asubuhi, lori lilisimama getini likiwa limevuka na kivuko kutoka ng'ambo, na aliyeshuka wa kwanza alikuwa Mzee Muhidin na vijana wake tisa, wakiwa na sepeto na magunia. Baba alibaki amesimama, na Mzee Muhidin akampita huku akisema, "Utasimama mpaka maji yafike magotini? Nionyeshe pa kuyapeleka hayo majani." Wengine wakafuata kutoka Musoma, Shinyanga na Bukoba, na kwa siku kumi na mbili walikata yale majani vipande vipande kama maandazi, wakayapandisha mlimani na kuyalaza upya, na uwanja haukufungwa hata wiki moja. Siku hizo zote Mzee Muhidin alilala hapa Kiseke, katika chumba cha Yakobo, na mama anasema hakuwasikia wakizungumzia mambo ya zamani hata mara moja, aliwasikia tu wakibishana jinsi ya kukata jani, kama ni vidole viwili au kimoja na nusu, mpaka chakula kikapoa.

Marehemu alistaafu tarehe 31 Machi 2021 baada ya miaka arobaini na mmoja ya kazi, akakabidhi uwanja kwa Bi Sabina, ambaye ni mwanamke wa kwanza kuwa msimamizi katika Chama chetu, na siku ya makabidhiano maneno yake yalikuwa mafupi, kwamba yeyote atakayefanya kazi chini ya Sabina na kuona jambo, aseme, na Sabina asikilize.

Desemba 2023 marehemu alianza kupata shida ya kumeza chakula, tukadhani ni vidonda vya tumbo, na Februari 2024 vipimo katika Hospitali ya Bugando vilionyesha kwamba ana saratani ya umio. Alitibiwa kwa miezi saba, akilazwa na kuruhusiwa, akikonda lakini akiwa na akili timamu hadi mwisho. Tarehe 10 Agosti mwaka huu mkutano wa Chama ulifanyika Nyamasale, akabebwa kwenye kiti hadi kwenye grini ya kwanza, akaomba ashushwe, akavua viatu, akasimama pale kwa muda akiwa ameshikwa mikono na watu wawili, kisha akasema sasa arudishwe. Jumanne ya tarehe 17 Septemba 2024, saa nane mchana, akiwa wodini na mama yetu na Queen wakiwa kando yake, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, miezi sita na siku tatu.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi wa Bugando, waliotueleza ukweli kwa upole na kwa wakati, majirani wa Kiseke mliopika, mliochota maji na mliolala hapa uani siku tatu hizi, wafanyakazi wa Nyamasale mliokuwa mkija kumwogesha na kumnyoa kwa zamu bila sisi kuwaomba, na Chama chote, ambacho kimesimamisha kazi katika viwanja saba leo.

Baba mkubwa Muhidin, wewe ulikuja kila Jumapili ya ugonjwa wake, ukakaa naye, na nyumba hii haikuwahi kukushukuru hadharani kwa lolote. Ulimwambia baba aseme mbele ya watu, na leo nami ninasema mbele ya watu, kwamba uliosha mashine ile, na kwamba wewe ni mzee wa nyumba hii, na tunaomba ushike udongo baada ya kaka yetu Yakobo.

Na kuhusu Nusrat, ambaye hayupo hapa, baba alituagiza tusimlaumu. Ninajua maneno haya yatamfikia, kwa hiyo ninayasema polepole. Nusrat, sikuyasoma ili usamehe kwa sababu mtu amekufa. Nimeyasoma ili kila aliyeko hapa ajue kwamba hukuacha shule kwa kushindwa, ulikuwa wa pili darasani, nami nilikuwa wa kumi na tisa kwangu, nikaendelea.

Baba, umesikia yote yamesemwa, hakuna lililofichwa. Pumzika sasa, kwa amani.